Maswali na Majibu: Mkoba wa ngozi wa kazini hupimwa kwenye kishikio

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Dodoma. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya umma, na kila siku ya kazi hubeba kompyuta mpakato ya inchi 14 pamoja na chaja yake, majalada mawili ya karatasi za A4, chupa ndogo ya maji na, masika yakifika, mwavuli. Safari yangu ni ya daladala na miguu. Katika miaka sita nimenunua mabegi manne na hakuna lililotimiza miaka miwili, kwa hiyo sasa nimetenga shilingi 180,000 ninunue mkoba mmoja wa ngozi utakaodumu. Nimeona mitatu. Wa kwanza uko dukani, mweusi, unang'aa, una bitana ndani, umepigwa chapa ya Kiingereza inayosema ni ngozi halisi, na bei yake ni shilingi 120,000. Wa pili umetengenezwa na fundi wa Moshi, ni wa kahawia, mnene, hauna bitana, naye anataka shilingi 170,000. Wa tatu ni wa mtumba, niliuona Karume nilipokwenda Dar es Salaam. Ni wa zamani na umekauka, lakini mishono yake imenyooka, na muuzaji ameshuka hadi shilingi 65,000. Nitaitambuaje ngozi halisi, na nichukue upi kati ya hiyo mitatu? — Mhasibu, Dodoma

JIBU: Ndugu Mhasibu, salamu zimefika. Umeuliza kwanza kuhusu ngozi, kama wanavyouliza karibu wote wanaoniandikia, nami nakuomba uniruhusu nianzie mahali pengine, kwa sababu katika miaka niliyokaa karibu na mafundi nimeona mikoba mingi ikirudishwa kutengenezwa, na ni michache mno iliyorudi kwa kuwa ngozi yenyewe imechoka. Iliyo mingi hurudi kwa sababu kishikio kimeng'oka, zipu imeachia, au uzi wa ubavuni umeoza.

Mkoba wangu wa kwanza wa kazini ulinifundisha jambo hilo kwa uchungu. Uliachia kishikio nikiwa napanda ngazi za ofisi moja asubuhi ya mvua, karatasi zikatawanyika kwenye maji, na vyeti viwili havikufaa tena. Jioni nilikaa nao chini ya taa nikaufumua. Ngozi ya nje haikuwa imechanika hata kidogo. Kilichochanika kilikuwa kipande cha katoni kilichofichwa kati ya ngozi na bitana, mahali hasa kishikio kinaposhikamana na mfuniko, na ribiti mbili nyembamba zilikuwa zimeng'ang'ania katoni hiyo peke yake. Jasho la mkono na mvua za msimu mmoja vilikuwa vimeilainisha hata ikawa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Tangu siku hiyo, nikishika mkoba wowote, kidole changu huenda kwanza kwenye mzizi wa kishikio.

Nawe fanya hivyo hivyo. Fungua mkoba, ingiza mkono ndani, na upapase upande wa pili wa pale kishikio kilipofungiwa. Unapaswa kukuta kipande cha pili cha ngozi, au walau mkanda mgumu wa nailoni, kilichoshonwa kuzunguka pande zote nne, na ribiti zenye kichwa kipana ndani na nje ili zisipenye ngozi zinapovutwa. Ukibonyeza ukasikia kitu kikavu kinachotoa sauti ya boksi, urudishe mkoba mezani hata kama umbo lake limekupendeza. Halafu pima kwa uzito. Kompyuta yako huenda ina kilo moja na nusu, majalada mawili yaliyojaa yanaweza kufika hapo hapo, na ukijumlisha maji, chaja na mwavuli unakaribia kilo nne na nusu kabla ya kuhesabu mkoba wenyewe. Mwombe muuzaji akuruhusu utie humo pakiti mbili za sukari za kilo mbili mbili na chupa ya maji ya nusu lita, uushike kwa kishikio, kisha uushushe na kuupandisha kwa mshtuko mara kumi, kama mtu anayerukia ngazi ya daladala iliyoanza kuondoka. Tazama mzizi wa kishikio wakati huo. Ngozi ikikunjamana kidogo na kurudi mahali pake, hakuna neno. Matundu ya sindano yakianza kufunguka na kuwa marefu, umeshajua mkoba huo utaishia wapi.

Matundu hayo yananileta kwenye mshono. Wanunuzi wengi hudhani kuwa mshono wenye hatua ndogo ndogo ndio imara, lakini kwenye ngozi mambo huwa kinyume na kwenye kitambaa, kwa maana sindano ya ngozi hutoboa na kuacha tundu la kudumu, na matundu yakisongamana ngozi hukatika kwa mstari kama karatasi ya stempu. Hatua ya milimita tatu hadi nne inafaa kwa mkoba. Uzi uwe wa polista au nailoni, mnene, ulionyooka na kuzama kidogo ndani ya ngozi ili usisuguliwe. Uzi wa pamba hunyonya maji na kuoza. Ukikutana na fundi anayeshona kwa mkono, muulize kama anatumia sindano mbili kwenye uzi mmoja, sindano zikipishana katika kila tundu. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja, hatua zilizobaki hukaza zenyewe na unapata muda wa kuufikisha kwa fundi, ilhali mshono wa cherehani, unaofungamanisha uzi wa juu na wa chini, ukikatika unaweza kuendelea kufumuka. Hilo halina maana kwamba cherehani ni mbaya, kwa kuwa mikoba mingi mizuri imeshonwa kwa mashine. Maana yake ni kwamba, kwa mshono wa cherehani, utazame miisho yake: pale uzi unapoanza na kuishia, fundi mwangalifu hurudi nyuma hatua tatu au nne ili kuufunga.

Zipu nitaipita haraka. Ivute hadi mwisho mara tano, hasa kwenye kona, na kama inakwama ikiwa mpya haitaacha kukwama ikiingia vumbi la Dodoma. Vyuma vingine, yaani bizimu, pete na kitasa, vingi huwa vya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha. Watu hutembea na sumaku kuvipima, na sumaku itakuonyesha chuma kinachoweza kushika kutu, lakini haitakutenganishia zinki na shaba, kwa kuwa haishiki yoyote kati ya hizo mbili. Utakachoweza kufanya ni kutazama upande wa ndani wa bizimu, penye msuguano. Penye weupe wa kijivu chini ya rangi ya dhahabu, hiyo ni zinki, nayo hukatika ghafla pale inapobeba uzito, hivyo isitumike kushikilia mkanda wa begani.

Sasa ngozi. Ngozi mbichi ya ng'ombe ni nene, milimita nne hadi sita, na kiwandani hupasuliwa kwa mashine kuwa matabaka. Tabaka la juu, upande ulioota manyoya, lina nyuzi zilizosukana kwa ukaribu na ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini, upande wa nyama, nyuzi zake zimeachana, ndiyo maana hutiwa rangi nzito au utando wa plastiki ili lifanane na la juu. Yote mawili ni ngozi, na yote mawili yanaweza kupigwa chapa ya ngozi halisi bila ya muuzaji kusema uongo. Hapo ndipo wengi wanapoumia: chapa hiyo inakuambia kwamba mnyama alihusika, haikuambii ni tabaka gani. Katika viwango vya Ulaya, utando wa juu ukizidi unene wa milimita 0.15 kitu hicho hakiruhusiwi kuitwa ngozi tu bila ya maelezo zaidi, lakini mikoba inayotufikia madukani haiji na maelezo hayo.

Kisha kuna ngozi ya kusagwa, yaani mabaki ya kiwandani yaliyosagwa kuwa unga, yakachanganywa na gundi na kutandazwa juu ya kitambaa. Na kuna raksini, ambayo ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Hizo mbili huzijui kwa kutazama uso, kwa sababu uso wake hugongwa chapa ya vinyweleo vinavyopendeza kuliko vya ng'ombe. Tazama ukingo. Tafuta mahali ngozi ilipokatwa bila kukunjwa, mara nyingi mwisho wa mkanda, ndani ya mfuko mdogo, au chini ya ulimi wa zipu. Ngozi halisi itakuonyesha nyuzi zilizochanganyikana bila mpangilio kutoka juu hadi chini. Raksini itakuonyesha kitambaa chenye mstari wa plastiki juu yake. Kama hakuna mahali hata pamoja palipoachwa wazi, nami huwa nashuku mkoba uliofunikwa kingo zote kwa rangi nene, muulize muuzaji kipande cha sampuli.

Tazama pia kasoro. Ng'ombe wetu huchungwa kwenye miiba, huumwa na kupe na hupigwa chapa ya moto, na alama hizo hubaki kwenye ngozi baada ya kusindikwa. Viwandani kwetu ni hasara, kwa sababu hushusha daraja la ngozi. Lakini kwako mnunuzi, mkwaruzo mmoja wa mwiba uliopona, au doa dogo la kupe kwenye ubavu wa mkoba, ni ushahidi kwamba tabaka la juu halikupigwa msasa. Mkoba ulio na vinyweleo vinavyolingana kama vigae, kuanzia pembe moja hadi nyingine, umegongwa chapa na mashine.

Nakusihi usiwashe kiberiti. Kila soko lina mtu anayedai kwamba ngozi halisi haishiki moto, na nimeona mikoba mizuri ikiharibiwa pembeni kwa jaribio hilo, wakati ngozi halisi yenye utando mwembamba wa plastiki nayo hunuka na kuyeyuka juu juu. Tone la maji nalo halitoshi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, isiyopakwa kitu, hunywa maji na kuwa nyeusi kwa muda, lakini ngozi halisi iliyopakwa rangi ya kukinga haitanywa kitu, na mnunuzi ataikataa bure.

Nimetaja magome, na hapa kuna jambo linalohusu mkoba wa fundi wako. Ngozi nyingi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu, kazi ambayo hatua yake kuu yaweza kwisha kwa siku moja na kutoa ngozi laini inayovumilia maji. Njia ya kale hutumia maji ya magome ya miti, huchukua wiki kadhaa, na hutoa ngozi ngumu, nzito, inayosimama yenyewe. Mti uliotumika sana Afrika Mashariki ni mwati, wenye asili ya Australia, ambao umelimwa kwa miongo mingi kule Njombe na katika nyanda za juu za Kenya. Ngozi ya kahawia, mnene, isiyohitaji bitana, yaelekea ni ya magome. Inusie: harufu yake ni ya mti na udongo. Ina udhaifu wake pia. Haipendi joto kali, kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi ya gari wala kuianika juani, na kwenye hewa kavu ya Dodoma hukauka upesi kuliko ingekuwa Tanga, hivyo itahitaji mafuta yake kila baada ya miezi mitatu au minne.

Nije kwenye uchaguzi wako. Mkoba wa dukani sikuupendekezei. Bitana yake imefunika kila kitu, chapa yake haisemi ni tabaka gani, na mng'ao unaoueleza ni wa utando. Mkoba wa mtumba usiudharau, kwa kuwa Karume, Gikomba na kwingineko hutokea mikoba iliyoshonwa kwa uangalifu ambao leo ungegharimu fedha nyingi. Jambo moja tu ndilo linaloamua. Chukua leso nyeupe iliyo kavu, usugue sehemu iliyokauka zaidi, kwa kawaida kwenye mikunjo ya ubavuni. Leso ikitoka na unga mwekundu kama wa matofali, ngozi hiyo imeoza kutoka ndani na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Leso ikitoka safi, na ukikunja mfuniko polepole usisikie mpasuko, basi kwa shilingi 65,000, pamoja na kazi ya fundi wa kuimarisha kishikio na kuupaka mafuta, utakuwa umepata kitu cha thamani.

Lakini ningekuwa wewe ningechukua wa fundi wa Moshi, nawe unaweza kushangaa sababu yake, kwa kuwa ni ule ule ukosefu wa bitana ambao umeutaja kana kwamba ni upungufu. Mkoba usio na bitana hauna mahali pa kuficha katoni. Ribiti, mishono, upande wa nyama wa ngozi, vyote viko mbele ya macho yako, na siku vitakapochoka fundi yeyote ataweza kuvifikia bila kufumua kitu. Moshi pia ni mji wenye mazoea ya ngozi, kuanzia kiwanda cha Karanga hadi mafundi wa mitaani. Kabla ya kulipa, mwombe fundi akuongezee kipande cha pili cha ngozi ndani ya mzizi wa kishikio, jambo linalomgharimu vipande vya mabaki na nusu saa, na upime unene wa ngozi ya ubavu: isipungue milimita mbili. Vipimo vya ndani visipungue sentimita 38 kwa upana na 28 kwa kimo, kwa sababu karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 na jalada lake huzidi hapo, na majalada hulazwa kwa upana. Wewe ni mhasibu, hesabu hii utaikubali: shilingi 170,000 kwa miaka minane ni shilingi 21,250 kwa mwaka, na shilingi 120,000 kwa miaka miwili ni 60,000.

SWALI: Assalaam aleikum. Nina mkoba mweusi nilioletewa zawadi miaka minne iliyopita. Niliuweka kabatini na nimeutumia kwa mikutano tu, pengine mara 20. Mwezi uliopita niliutoa nikaukuta unabanduka maganda madogo madogo yanayonata kwenye vidole. Je, fundi anaweza kuupaka rangi upya? — Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, Mama. Pole sana, maana najua ulivyoutunza. Maganda yanayonata ni dalili ya raksini au ngozi ya kusagwa iliyopakwa poliurethani, ambayo ni aina ya plastiki, na adui wa utando huo si matumizi, bali ni unyevu wa hewa. Mvuke wa pwani huingia kwenye utando na kuuvunja kidogo kidogo, mchana na usiku, hata mkoba ukiwa umelala. Kuufunga ndani ya mfuko wa nailoni huzidisha, kwa kuwa mvuke unaoingia hautoki. Ukiupaka rangi, rangi itashika ganda na ganda litaondoka na rangi yake. Fundi muadilifu atakuambia hivyo hivyo, na akikuambia vingine usimpe fedha. Unachoweza kuokoa ni zipu, bizimu na mkanda, vitumike kwenye mkoba mwingine.

Kama una mikoba mingine ya ngozi halisi, itoe kabatini walau mara moja kwa mwezi, uijaze magazeti makavu ili isibonyee, na uifunike kwa kitambaa cha pamba, kwa mfano kipande cha kanga kuukuu. Ikishika koga, ifutie nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu ili vumbi lake lisirudi kabatini, kisha iache kivulini penye upepo siku nzima. Koga kwenye ngozi halisi hufutika, na ngozi hubaki.

SWALI: Mkoba wangu wa ngozi ni mzuri, lakini kila nikiupaka kiwi ya viatu shati langu jeupe huingia rangi kiunoni. Nifanyeje? — Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, kiwi imetengenezwa kwa ajili ya kiatu, na kiatu hakigusi shati. Rangi yake hukaa juu ya ngozi na huhamia kwenye chochote kinachosuguana nayo, hasa ukitokwa na jasho. Futa mkoba kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni ya mche kiasi kidogo sana, uukaushe kivulini, kisha utumie krimu ya ngozi isiyo na rangi au nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha ngozi, tabaka jembamba, na baada ya saa moja usugue kwa kitambaa kikavu hadi kisitoke na kitu. Mafuta ya kupikia usiyatumie, kwani huchacha ndani ya ngozi na kukamata vumbi. Kama rangi itaendelea kutoka baada ya kusafisha mara mbili, tatizo ni rangi ya kiwandani ambayo haikufungwa vizuri, na hapo beba mkoba kwa kishikio badala ya mkanda wa begani siku unazovaa nyeupe, hadi fundi atakapoupaka utando wa kuzuia rangi kwenye ule ubavu mmoja unaogusa mwili.